Pumzi Saba katika Nyumba ya Eda

Sadaka ilikuwa imepangwa juu ya mkeka, na kila mwanamke aliyeingia kuhani msiba aliisifu kabla hajaketi. Palikuwa na doti nne za kanga, mkufu wa fedha, chupa ya manukato isiyofunguliwa bado, na cherehani ya mkono. Bi Sikudhani naye alisifu, maana ndiyo adabu. Kisha macho yake yakatua kwenye viatu.

Vilikuwa viatu vyeusi vya kike, jozi moja, soli imelika upande wa nje kwa kutembewa sana.

"Na hivi, Mgeni?"

"Hivyo pia!" Bi Mgeni alijibu, shingo imesimama kwa fahari. "Mkwe wangu katoa vyote. Kaniambia, mama, wape wenye haja, mimi sina haja tena. Mmesikia, jamani? Mtoto wa miaka ishirini na sita, moyo kama wa wanawake wa zamani!"

"Mashaallah," wageni wakaitikia.

"Ana jozi nyingine?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Ya nini? Mwenye eda anakwenda wapi?"

"Eda ina mwisho wake, shoga yangu."

"Haya tena! Kazi imemharibu huyu. Keshaanza kupima hata viatu!"

Wanawake wakacheka, na Bi Sikudhani akacheka nao. Lakini chai yake hakuimaliza.

Ilikuwa siku ya sitini na moja tangu Idrisa, mtoto wa Bi Mgeni, alipoanguka kutoka kwenye mnara wa kunasa ukungu, magharibi ya mji. Tabora nzima ilikuwa ikinywa maji ya minara ile tangu mvua ilipogeuka mgeni wa kuchagua miaka. Idrisa alikuwa fundi wa nyavu za juu kabisa. Alimwacha mke, Zuwena, na kwa Zuwena zilibaki siku sitini na tisa za kukaa ndani kabla ya eda kutimia.

Bi Sikudhani aliaga wageni, akapita kwanza chumbani kumwona mwenye msiba.

Zuwena alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo nyeupe, mikono mapajani, tasbihi kwenye vidole. Nzi alitua kwenye shavu lake. Akatembea hadi pembeni mwa jicho, akasimama pale, akajisugua miguu. Zuwena hakumfukuza. Hata kope hakupepesa.

Bi Sikudhani alimfukuza yeye, kwa ncha ya mtandio.

"Waonaje hali, mwanangu?"

Jibu lilichelewa, kama linapandishwa kutoka kisimani kwa kamba fupi. "Alhamdulillahi. Sijambo."

Bi Sikudhani akaiangalia ile tasbihi. Kwa muda wote aliokaa, haikusogea hata punje moja.

*

Bi Sikudhani alikuwa mpimaji wa mtaa. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini kazi ile haikutaka vyeti, ilitaka mtu asiyetikisika. Alikuwa na nyumba thelathini na mbili mikononi mwake, na kifaa kimoja, nacho ni kamba ya moyo.

Ukiiona ungesema ni uzi wa kufumia kofia. Ina urefu wa mkono mmoja, rangi ya majivu, na ndani yake mna nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Ncha moja hufungwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, nyingine kwenye cha mpimaji. Kamba husoma mapigo, jasho, na ule mtetemo mdogo unaopita kwenye mishipa ya fahamu, kisha humpa mpimaji hali ya yule mwingine, aibebe mwilini mwake kana kwamba ni yake. Huibeba kwa pumzi saba tu. Ya nane hairuhusiwi, maana wapo wapimaji wa mwanzo walioivuta na hawakurudi wakiwa wale wale. Kipimo kikishapatikana, daktari hufungua jalada.

Kabla ya kamba palikuwa na mashine tupu, isiyo na mtu upande wa pili. Mashine ile ilitazama tu mtu analala saa ngapi, anakula kiasi gani, anasema maneno mangapi kwa siku. Mume wa Bi Sikudhani, marehemu Athumani, alizikwa siku ya Alhamisi. Jumapili mashine ikasema mjane anaumwa, na Jumatatu akapewa tone la utulivu chini ya ulimi. Huzuni yote ikafutika, kama ubao unavyofutwa na mwalimu mwenye haraka. Akakaa eda yake miezi minne na siku kumi kama mtu anayesubiri kuitwa jina ofisini. Ilikuwa sasa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumlilia mume wake hata mara moja.

Ndiyo maana siku ya baraza kuu yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Msiba si ugonjwa. Tuachieni vilio vyetu." Ukumbi mzima ulisimama. Sheria ya Msiba ikapita: asipimwe mfiwa yeyote mpaka siku zake ziishe. Mpimaji atakayevunja, anyang'anywe kamba maisha yake yote.

Hiyo ndiyo sheria iliyosimama mlangoni mwa Zuwena, na aliyeijenga ni yeye.

*

Kwa siku tatu alikwenda kila baada ya alasiri, mikono mitupu, akatumia vile alivyopewa na Mungu, yaani macho na masikio.

Siku ya kwanza alipeleka kisamvu cha karanga, chakula ambacho Zuwena alikipenda mpaka akataniwa harusini. Akala vijiko viwili kwa utiifu, kama anayemeza dawa. "Kitamu?" "Sijui, Bi Siku. Nadhani kitamu."

Siku ya pili alimuuliza habari za usingizi. Zuwena akasema huamka saa tisa za usiku kila siku, na usingizi haurudi tena.

"Basi unapata wasaa wa kuswali tahajudi."

Msichana akainamisha kichwa. "Siswali, Bi Siku. Nasimama kwenye msala, nasahau nimefika wapi. Naanza tena, nasahau tena. Mtu kama mimi, hata Mungu namchosha tu. Usimwambie mama."

Siku ya tatu akamletea kisa. "Unajua mumeo alipokuwa na miaka minane aliingia kwenye mzinga wa babu yake akaiba asali? Nyuki wakamuuma midomo. Akarudi nyumbani midomo kama maandazi mawili, anaulizwa nani kaiba, anasema, 'Chi mimi!'"

Hapa Bi Sikudhani alinyamaza, akatazama. Alikuwa amekaa na wafiwa wengi. Mfiwa ukimtajia marehemu wake, hata awe amekauka kama kuni, kitu kitatikisika. Atacheka halafu alie, au alie halafu acheke, au akukasirikie. Huzuni ya kifo ni maji, hupanda na kushuka.

Zuwena alisema, "Ndiyo." Basi.

Bi Sikudhani alitoka mle akiwa amepata hakika. Akampigia Daktari Nshoma, mwanamke wa hospitali ya wilaya, akamweleza yote.

"Mama, ninakusikia, na moyo unanidunda," daktari akasema. "Lakini bila kipimo sifungui jalada. Na kipimo kwa mwenye eda kimekatazwa na sheria yako mwenyewe. Nikija hivi hivi, familia ina haki ya kunifukuza. Mgonjwa mwenyewe anasema nini?"

"Anasema sijambo."

"Basi mikono yangu imefungwa."

"Yangu ndiyo haijafungwa bado," Bi Sikudhani alijibu, akakata simu.

Akaswali rakaa mbili za kuomba mwongozo. Alijua anachokwenda kukivunja. Leo akimpima Zuwena kwa haki, kesho atakuja mwingine apime wafiwa kwa uvivu, na tone lirudi chini ya ndimi za wajane. Na zile nyumba nyingine thelathini na moja, nani angezibeba? Aliyaweka yote hayo mbele ya Mola wake bila kuficha. Alipotoa salamu hakuwa ameota ndoto wala hakuwa amesikia sauti. Alikuwa ametulia tu. Akachukua kamba kwenye kisanduku chake.

*

Bi Mgeni alikuwa jikoni akikoroga uji. Bi Sikudhani aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi sakafuni, chini ya msichana, amtazame kutoka chini.

"Zuwena, mwanangu. Hii unaijua ni nini. Sheria inanikataza kukufunga, na mimi simfungi mtu asiyetaka. Nimekuja kukuomba."

Zuwena aliitazama kamba kwa muda mrefu.

"Utachafuka, Bi Siku."

"Nimelea watoto saba na mbuzi wao. Nilikwisha kuchafuka zamani."

Msichana hakutabasamu. Lakini alinyoosha mkono, na kule kunyoosha tu kulichukua muda wa mtu kuvaa kanzu.

Pumzi ya kwanza. Bi Sikudhani alikuwa amejiandaa kukutana na machozi. Hapakuwa na machozi. Palikuwa na uzito tu. Aliutazama mkono wake mwenyewe ukiwa umelala pajani, akaona kuuinua ni kazi ya watu wanne.

Pumzi ya pili, harufu ya uji ikaingia kutoka jikoni, iliki na tangawizi, harufu aliyoipenda tangu utoto. Ikapita puani kama harufu ya kitu cha watu wengine. Ya tatu, akasikia sauti za nje, jogoo, mtu anaita muuza maji, zote ziko mbali nyuma ya ukuta mnene.

Ya nne ilikuja na maneno. Hayakuwa sauti ya jini wala ya shetani, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya upole, yenye busara, ikimweleza kwamba yeye ni mzigo, kwamba watu wanamvumilia kwa adabu tu, kwamba wangepumua kama asingekuwapo. Na aliiamini! Mwanamke wa miaka sitini na nne, aliyezoea kujijua, aliiamini kama anavyoamini kuwa leo ni Jumatatu.

Pumzi ya tano akamtafuta Idrisa. Mahali pale, siku ya sitini na nne tangu azikwe, mume angekuwa amejaa kila pembe. Hakuwapo. Sura yake ilikuwapo, kama picha ya mtu usiyemfahamu iliyotundikwa kwenye nyumba ya kupanga. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya Zuwena hata maiti wake.

"Huu si msiba," Bi Sikudhani alisema moyoni, na kulisema hilo kulimtoa jasho.

Ya sita, mbele yake pakafunguka mahali pa utulivu. Pazuri, hapana uzito. Pana jina la siku: Jumatano.

Ya saba akaivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akang'oa fundo kwa meno.

Alikaa akitweta, ameegemea kitanda. Uji ukaanza kunukia tena. Jogoo akarudi karibu. Alimshukuru Mungu kwa jogoo.

Kisha akauliza kama anavyouliza mtu habari za homa, kwa sauti ile ile, kwa sababu alikwisha kufundishwa kwamba kuuliza hakumpandikizi mtu wazo. Humpa mahali pa kulitua. "Zuwena, unafikiria kujiua?"

Zuwena akageuzia uso ukutani.

"Jumatano, mwanangu. Keshokutwa. Nimefika mpaka pale."

Msichana akamgeukia. "Mama anakwenda arobaini ya jirani. Nyumba itakuwa tupu. Nimekwisha kugawa vitu vyangu ili asihangaike."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Bi Mgeni alisimama pale na bakuli la uji mikononi, na cha kwanza alichokiona ni kamba.

"Umemfunga mwenye eda? Siku! Wewe, uliyesimama barazani! Nyumbani kwangu, mgongoni mwangu! Nitakupeleka mbele, wallahi, hata kama..."

"Mama," Zuwena akasema. "Nilikuwa nangoja uende arobaini."

"Unangoja nini?"

Zuwena akamwambia. Alitumia maneno matatu.

Bi Mgeni hakulidondosha bakuli. Aliinama, akaliweka sakafuni polepole kama mtu anayelaza mtoto, kisha akakaa palepale mlangoni.

"Nikamsifu," alisema. "Hali chakula, nikasema anajinyima. Hasemi, nikasema ana haya. Anagawa vitu, nikaita majirani waje waone." Akajipiga kifua. "Niliwaita waje waone!"

"Hata mimi nilisifu, siku ya kwanza," Bi Sikudhani alisema. "Ugonjwa ulivaa nguo ya eda, na nguo ikaukaa. Sasa amka, shoga. Leo wewe na mimi tunalala chumba hiki hiki, hatumwachi peke yake hata akienda msalani. Jumatano huendi popote. Na daktari anakuja."

"Watu watasema mkwe wangu hana imani."

"Jirani yetu Mzee Kapaya, ini lilipovimba, ulimuuliza imani?"

"Sikumuuliza."

"Ulimpelekea nini?"

"Supu."

"Basi."

Bi Mgeni akajifuta uso kwa upande wa kanga, akasogea kwa magoti mpaka kitandani, akaushika mguu wa mkwewe na kuuweka pajani mwake. "Mimi nimekuchosha kwa sifa," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Mzigo si wewe. Umesikia? Si wewe."

Zuwena alimtazama kama anayesoma maandishi madogo. Hakuyaamini yale maneno. Lakini mguu hakuuondoa.

*

Asubuhi ya Jumanne, Daktari Nshoma alipokwisha kuingia na mkoba wake, Bi Sikudhani alivaa baibui lake la kutokea, akaenda kwa miguu mpaka kwenye kamati ya wapimaji, akajishtaki mwenyewe. Kamba aliiweka mezani kabla hajaambiwa.

Mwenyekiti, bwana mwembamba mwenye kukohoa kohoa, alimsomea maneno yake ya barazani. Msiba si ugonjwa. Tuachieni vilio vyetu.

"Ulisema hayo?"

"Nilisema, na leo narudia. Msiba si ugonjwa. Lakini mfiwa anaweza kuugua, kama anavyoweza kuvunjika mguu. Tuliandika nusu ya kwanza tu."

"Na huyo wa kesho, atakayepima wajane ovyo kwa kisingizio chako?"

"Mnyang'anyeni kamba kama mnavyoninyang'anya mimi."

Mjumbe mmoja akacheka, akajikohoza.

"Tofauti inajulikanaje basi?" mwenyekiti aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kumkomoa. "Si kila mmoja wetu ana macho yako, mama."

"Shika kalamu, mwanangu, andika. Mfiwa humkosa mtu aliyekufa. Mgonjwa huyu hukosa kila kitu, pamoja na yeye mwenyewe. Mfiwa atakataa chakula leo, kesho akivutwa na harufu atakula. Huyu, wiki mbili na zaidi, asubuhi na jioni, hakuna kinachomvuta, si chakula, si mtoto, si ibada. Muulize analala vipi. Mtazame mikono yake, ilivyopunguza mwendo. Sikiliza kama anajiita mzigo. Na akianza kugawa hata kile atakachokihitaji kesho, usiseme mashaallah. Kaa chini umuulize."

Kalamu ilikuwa ikikwaruza. Walimwondoa kwenye orodha ya wapimaji siku ile ile, maana sheria ni sheria. Yale maneno yakapelekwa baraza kuu, pamoja na ombi kwamba mfiwa apimwe akikubali mwenyewe, mbele ya wapimaji wawili, na tone lisiguswe. Bi Sikudhani aliitazama kamba ikifungiwa kwenye kabati. Ilimuuma. Akasema "Inna lillahi," kama kwa kitu kilichokufa, akarudi nyumbani kupika.

*

Dawa za Daktari Nshoma hazikuwa tone. Zilikuwa vidonge vya taratibu, vya wiki kwa wiki, na pamoja navyo daktari alikuja kila Alhamisi kuketi na Zuwena na kuzungumza. Wiki mbili za kwanza hazikuonyesha kitu, na Bi Mgeni akataka kuvitupa. Wiki ya tatu msichana alilala mpaka adhana. Ya nne alimfukuza nzi. Bi Mgeni alitoka mbio hadi ukutani kwa jirani, akaita, "Siku! Kamfukuza!" na Bi Sikudhani hakuhitaji kuuliza ni nani.

Siku ya mia na nane ya eda, mchana wa jua kali, ukelele ulitoka katika nyumba ile.

Haukuwa ukelele wa kawaida. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena, una jina ndani yake: Idrisa, Idrisa wangu, umeniacha na nani! Mtaa mzima uliinuka. Wanawake walikuja mikono ina unga. Mmoja alikuwa analia tayari. Mwingine alisema, "Ugonjwa umerudi, mpigieni daktari!" Wakakuta Bi Sikudhani amekwisha kufika, amesimama kwenye kizingiti, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Hapiti mtu."

"Bi Siku, humsikii? Atajidhuru!"

"Namsikia vizuri sana."

Aligeuza kichwa akachungulia ndani. Zuwena alikuwa amejikunja sakafuni, shati la kazi la mumewe limebanwa usoni, mabega yanaruka. Alikuwa akihema katikati ya vilio, anameza hewa kwa pupa kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Pembeni yake Bi Mgeni alikuwa amemkumbatia kiunoni, naye anamwita mwanawe, wawili wanapokezana jina lile lile. Hakuna mkono uliokuwa mzito mle ndani.

Bi Sikudhani hakuwa na kamba kifundoni, na hakuihitaji.

"Msimnyamazishe," aliwaambia wanawake wenzake. "Leo ndiyo amefiwa. Ingieni mketi, mlie naye."

Akaondoa mikono kwenye miimo, akawapisha.